Deki ya CD na strima kwa nyumba ya Ujiji: ninunue kipi?

Swali: Fundi, habari za Tabora. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Ujiji. Nina CD zipatazo 140: rumba ya Kikongo iliyovuka ziwa, muziki wa dansi wa kwetu, kwaya, na taarabu alizoziacha marehemu mke wangu. Deki yangu ya DVD inarukaruka. Amplifaya na spika mbili za mbao bado nzima. Kwenye kiinua mgongo nimetenga milioni mbili na nusu kwa ajili ya muziki tu. Kijana wangu anasema CD zimepitwa na wakati, ninunue strima, kile kisanduku kinachochota muziki kwa waifai. Jirani ananishauri mashine moja yenye vyote viwili. Nishike lipi?

Jibu: Shikamoo Mwalimu, na pole sana kwa kuondokewa na mama. Swali lako nimelisoma mara mbili. Nianze na la jirani, maana ndilo jepesi: mashine moja yenye vyote viwili usinunue. Sababu nitaitoa mbele kidogo. Kijana wako hakukosea sana, ila hajaangalia vizuri ulichonacho kwenye sanduku.

Hebu tuanze na hilo sanduku. Kabla hujatoa hata shilingi, tandika mkeka, zimwage CD zote, uzigawe mafungu. Fungu la kwanza ni za kiwandani, zile tunazoziita orijino: ukizigeuza zina rangi ya fedha tupu, na karibu na tundu la katikati pana namba ndogo ndogo zilizochapwa. La pili ni za kuchomwa: chini zina kijani, bluu au zambarau, na juu mara nyingi mtu ameandika kwa kalamu ya wino. La tatu ndilo litakalokushangaza. Ni zile ambazo sote tunaziita CD lakini si CD za muziki: ni VCD na DVD, diski za picha. Kwaya nyingi ziliuzwa hivyo, wanakwaya na sare zao wakiimba mbele ya maua.

Nakwambia haya kwa sababu deki ya CD ya sebuleni, hata iwe ya bei ya kutisha, haisomi VCD. Nimeshapokea wateja wawili waliokuja wamekunja uso, deki mpya kabisa mkononi, wakidhani wameuziwa mbovu, kumbe wanaiwekea kwaya ya picha. Na hata ingesomeka, sauti ya VCD si ile ya CD. VCD hubeba sauti iliyokamuliwa hadi kilobiti 224 kwa sekunde, wakati CD ya muziki hubeba 1,411. Kwa hiyo hilo fungu la tatu liache na deki yako ya DVD. Usiitupe. Ipeleke kwa fundi wa hapo Kigoma aisafishe lenzi, ikishindikana abadilishe. Haitakula sehemu ya maana ya bajeti yako. Iendelee kuhudumia kwaya.

Lipo pia kundi dogo linalojificha ndani ya zile za kuchomwa: CD moja yenye nyimbo mia na zaidi. Hizo ni MP3 zilizomwagwa kwenye diski kama kwenye flashi. Deki nyingine zinazisoma, nyingine hazizisomi, na kitabu cha mashine ndicho kitakachokwambia. Muuzaji atakwambia inasoma kila kitu.

Sasa twende kwenye deki yenyewe, na hapa univumilie, maana ndipo mkate wangu ulipo.

Kinachosoma CD ni mwale wa leza wa nanomita 780, mwanga ambao jicho letu haliuoni. Unapenya plastiki yenye unene wa milimita 1.2, unagonga tabaka jembamba la alumini, unarudi. Nyimbo zimeandikwa kwenye mzunguko mmoja mrefu unaoanzia ndani kwenda nje, kinyume cha santuri. Mwanzo wa CD diski huzunguka mara 500 hivi kwa dakika, na inapofika ukingoni imeshapungua hadi mara 200 hivi. Lenzi nayo husafiri polepole juu ya vireli vidogo kutoka katikati kwenda nje. Ukilijua hilo tu umeshawazidi mafundi kadhaa. Deki ikicheza vizuri nyimbo za mwanzo, halafu ikaanza kurukaruka kwenye za mwisho, na CD haina mkwaruzo, usikubali kubadilishiwa lenzi haraka. Mara nyingi ni grisi ya vireli imekauka ikashika vumbi, lenzi inajikokota kama baiskeli isiyotiwa mafuta. Ni kufuta na kupaka mpya.

CD za kuchomwa hurudisha mwanga pungufu kuliko za kiwandani, na zile zinazofutika na kuandikwa upya hurudisha robo ya mwanga au chini yake. Lenzi ikichoka, hizo ndizo za kwanza kukataliwa. Kwa hiyo siku ya kwenda kununua, hasa ukinunua ya mtumba, usiende na CD yako nzuri kuliko zote. Nenda na tatu: moja ya kuchomwa, moja yenye mikwaruzo, na moja ndefu ya dakika sabini na kitu. Hiyo ndefu ruka moja kwa moja hadi wimbo wa mwisho, uusikilize mpaka uishe. Fungua na kufunga trei mara kumi. Trei ikisita, mkanda wa raba umekauka, si ugonjwa mkubwa, lakini punguza bei.

Mikwaruzo isikutishe kupita kiasi. Philips na Sony walipotunga kanuni za CD mwaka 1980 walijua diski zitashikwa na watu wenye vidole. Data imechanganywa na kutawanywa kwa hesabu maalumu, kiasi kwamba sehemu ikipotea, mashine huijenga upya kutokana na zilizobaki, hata pengo la milimita mbili hivi kwenye mstari. Mkwaruzo wa kutoka katikati kwenda ukingoni ni nafuu, maana unaukata kila mzunguko mahali padogo tu. Mbaya ni ule unaofuata duara, kwa sababu unakula mstari mmoja kwa urefu. Ndiyo maana kufuta CD kwa kuzungusha kitambaa, kama tufanyavyo wengi, ni kosa. Futa kutoka kwenye tundu kwenda nje. Na upande wa kuogopa zaidi ni ule wa juu wenye jina na picha. Alumini iko hapo hapo chini ya rangi, imefunikwa na vanishi nyembamba tu. Ukikwaruza juu ukaona mwanga unapenya, hapo wimbo umekwenda na hakuna dawa.

Deki ipi, basi? Mimi huwaambia watu wanunue lenzi, wasinunue sura. Kabla ya kuangalia vifungo na taa, uliza lenzi yake ni ipi na kama inapatikana ikifa. Lenzi kama Sony KSS-213 au Sanyo SF-P101N zimetumika kwenye mashine nyingi mno, na kuzipata si kazi. Zipo deki za kifahari zinazosoma SACD, diski za hali ya juu zilizotoka mwaka 1999, na lenzi zake ni shida kupata na ghali. Wewe huna hata SACD moja. Usilipie mlango ambao hutaufungua.

Kwa mpya, zipo tatu ambazo ningeziweka mezani bila aibu: Yamaha CD-S303, Marantz CD6007 na Denon DCD-900NE. Zote tatu zina tundu la flashi mbele, na zote zinasoma FLAC, aina ya faili la muziki, kutoka kwenye flashi. Kumbuka hilo, nitalirudia. Kwa bajeti yako ningekwenda na Yamaha. Marantz ina sauti ambayo wengi huiita ya joto, na umbo zuri, lakini nikikufunga kitambaa machoni sina hakika kama utazitofautisha, na mimi mwenyewe sijiamini.

Ukipata ya mtumba iliyo nzima, pesa itabaki nyingi. Lakini geuza nyuma usome kibandiko cha umeme kabla ya kitu kingine chochote. Vitu vingi vya mtumba vinavyoshushwa Zanzibar na Dar es Salaam vimetoka Japani, na Japani umeme wa nyumbani ni volti 100. Wetu ni 230. Miaka ya nyuma nilinunua deki moja nzuri sana, nzito kama jiwe la kusagia, kwa mtu aliyeniapia kuwa ameijaribu. Nikaichomeka kibandani kwangu kwa furaha, bila kusoma nyuma. Ilinguruma, ikatoa harufu, ikanyamaza. Transfoma ilikuwa imeungua, na kosa lilikuwa langu kuliko la muuzaji, maana kibandiko kilikuwepo na macho ninayo. Deki ya volti 100 inatumika, lakini lazima upitishe umeme kwenye transfoma ya kushusha, na siku mgeni atakapoichomoa na kuichomeka ukutani, kwaheri.

Na la mwisho kuhusu mtumba. Wapo mafundi wanaofungua deki yenye lenzi iliyochoka, wanazungusha skrubu ndogo pembeni mwa lenzi, leza inawaka kwa nguvu zaidi, CD inasomeka, mteja anafurahi. Miezi michache baadaye leza imekufa kabisa, kwa sababu imelazimishwa kufanya kazi juu ya kiwango chake. Ukiona deki ya zamani inauzwa kwa maneno "imetengenezwa sasa hivi", uliza imetengenezwa nini.

Kuhusu ile chipu ya kugeuza namba kuwa sauti, ambayo matangazo hayaishi kuitaja, nitapita haraka. CD ina biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde. Hiyo inatosha kubeba sauti zote hadi juu kidogo ya hezi 20,000, ambako sikio la kijana lenye afya ndipo linapoishia. La kwangu limeshaishia chini zaidi, na la kwako, uniwie radhi, vilevile. Chipu za leo, hata za mashine za bei ya kati, zinaifanya kazi hiyo vizuri. Mtu akikuuzia deki kwa jina la chipu, mwache amalize, kisha umuulize habari ya lenzi.

Sasa sababu ya kukataa mashine moja yenye vyote. Zipo nzuri: Marantz walikuwa na ND8006, Technics wana familia ya SL-G700. Sikatai sauti yake. Tatizo ni kwamba ndani ya sanduku moja unafunga vitu viwili visivyozeeka pamoja. Deki ni chombo cha gurudumu na kioo. Ikiharibika unabadilisha mkanda, grisi, lenzi, inaendelea. Sony walitoa CDP-101, deki ya kwanza kuuzwa madukani, mwezi wa Oktoba 1982, na yoyote iliyo nzima hadi leo itacheza CD uliyonunua jana, kwa sababu kanuni hazijabadilika. Strima ni kompyuta. Inategemea seva za watu, yaani kompyuta zao za mbali, programu za watu na maamuzi ya watu. Logitech waliacha kutengeneza strima zao za Squeezebox mwaka 2012, na mwezi wa Machi 2024 wakazima seva zake. Vyombo vikiwa vizima kabisa, huduma za mtandaoni zilizopitia hapo zikakatika. Google nao waliacha kutengeneza strima yao ndogo, Chromecast Audio, mwaka 2019. Strima uichukulie kama simu: itakufaa miaka kadhaa, halafu utaibadilisha. Sasa kwa nini ikifa ikuondokee na deki ambayo bado ina uhai?

Strima yenyewe ni kitu gani, kwa lugha ya nyumbani? Ni kisanduku kisicho na trei. Kinaunganishwa na waifai ya nyumbani, kinachota muziki, kinaugeuza kuwa sauti na kuupeleka kwenye amplifaya kwa waya zile zile nyekundu na nyeupe. Tofauti yake na kuunganisha simu kwa Bluetooth ni kwamba simu haibebi muziki. Simu inakuwa rimoti tu. Ukiagiza wimbo kwa Spotify, huduma ya muziki wa mtandaoni, strima yenyewe ndiyo inayouchota. Simu ikiita, muziki haukatiki. Ukitoka kwenda dukani na simu mfukoni, wajukuu wanaendelea kucheza.

Lakini Mwalimu, piga hesabu ya bando. Spotify, iliyofika Tanzania mwaka 2021, katika kiwango chake cha kilobiti 320 hula megabaiti 144 kwa saa. Ukisikiliza saa mbili kila siku, mwezi unaisha na gigabaiti 8.6. Ukitaka muziki usiokamuliwa, wa ubora wa CD, kama ule ambao Apple Music walianza kuutoa mwaka 2021, hesabu megabaiti 400 hivi kwa saa. Mwezi unaisha na gigabaiti 24. Kama kwako pana intaneti ya kulipia kwa mwezi bila kipimo, hiyo si hoja. Kama unaishi kwa bando la vocha, hiyo ndiyo hoja yote. Halafu jambo la pili: ule muziki wako wenyewe mtandaoni ni wa kubahatisha. Mimi nimetafuta bendi zetu za zamani na zile za ng'ambo ya ziwa. Nyingine zipo, nyingine hazipo, nyingine zimepachikwa jina la bendi ambayo haikuupiga wimbo huo, na nyingine zimerekodiwa upya kwa kinanda badala ya tarumbeta. CD yako inayo ile uliyoicheza harusini kwako.

Kwa hiyo kwa mtu wa Ujiji mwenye CD 140, naiona kazi kubwa ya strima kuwa ni kukuchezea CD zako mwenyewe bila kugusa diski, na huduma za mtandaoni ziwe kitoweo. Hamisha nyimbo zote ziwe mafaili ya FLAC. Hili ni faili linalobana ukubwa bila kupoteza hata biti moja, tofauti na MP3 inayotupa sehemu ya sauti; lipo tangu mwaka 2001 na halina malipo. CD ya saa moja hukaa kwenye megabaiti 350 hadi 400. CD zako zote, hata tukizihesabu pamoja na zile za picha ambazo hazitahusika, hazivuki gigabaiti 60. Flashi ya gigabaiti 128 inazibeba na nafasi inabaki. Nunua mbili, ya pili uifungie kabatini.

Kazi hiyo mpe kijana wako, maana ndiye mwenye maneno mengi. Anahitaji kompyuta yenye kisomeo cha CD, au kile cha kuchomeka pembeni kama kompyuta yake haina. Programu ya fre:ac ni ya bure. Exact Audio Copy nayo ni ya bure na ni makini zaidi, inasoma tena na tena pale inapoona shaka, hasa kwa CD zilizokwaruzika. Sehemu ya kuchosha ni majina. Ataweka CD, kompyuta itauliza intaneti hii ni albamu gani, na kwa CD zetu nyingi itarudi mikono mitupu au na jina la mtu wa Brazil. Kaa naye, umsomee majina kwenye jalada, ayachape. Jioni moja CD tano au sita. Mkimaliza mtakuwa mmezungumza mengi kuliko mwaka mzima uliopita, na CD zako za kuchomwa, ambazo rangi yake hufifia kwa joto na mwanga wa jua, zitakuwa zimeokolewa. Anzeni na hizo.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye tundu la flashi la ile Yamaha. Flashi hiyo ukiichomeka mbele ya deki, muziki unacheza. Bila waifai, bila bando, bila programu. Ina kero moja: kioo cha deki kinaonyesha mstari mmoja, na kutafuta albamu ya tisini kwa kubonyeza rimoti ni adhabu ya wanafunzi watoro. Lakini inawezekana. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: nunua deki kwanza. Kaa nayo miezi mitatu. Ukiona vidole vinauma, ndipo ununue strima.

Siku hiyo ikifika, angalia WiiM. Kampuni hiyo ina WiiM Pro, iliyotoka kwa dola 149 za Marekani, na WiiM Ultra, iliyotoka kwa dola 329. Tofauti inayokuhusu ni moja: Ultra ina tundu la kuchomeka flashi yako moja kwa moja, Pro haina. Ukichukua Pro, flashi itabidi ikae kwenye kompyuta au kwenye ruta yenye tundu la flashi, na strima iufuate muziki huko kwa waifai. Waifai hiyo haihitaji intaneti kwa kazi hii, na watu wengi hawalijui hilo: ruta isiyo na bando hata senti bado inaunganisha vyombo vya ndani ya nyumba. Nzuri ya Pro ni kwamba inakula umeme mdogo, volti 5 kwa waya wa chaja ya simu, kwa hiyo mgao ukija inaendelea kwa pawabenki. Bluesound Node na Cambridge Audio MXN10 ni nzuri, zote mbili zina tundu la flashi, ila bei imepanda ngazi na kwa amplifaya yako ya zamani sioni utakachosikia zaidi. Kama familia yako inapenda Boomplay, strima nilizopitisha mkononi sijaona inayoibeba ndani yake. Hiyo itachezwa kwa Bluetooth kutoka kwenye simu.

Usiitegemee simu kuwa chanzo cha waifai na rimoti kwa wakati mmoja. Ukitoka nyumbani, waifai imetoka na wewe. Tafuta ruta ndogo ya laini ya simu ikae sebuleni.

Tusisahau umeme, kwa sababu Kigoma imeishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli nje ya gridi ya taifa, na najua mmezoea taa kupumua. Hatari kubwa si kukatika, ni kurudi. Nunua kile kifaa cha kulinda friji, kinachochelewesha umeme dakika kadhaa na kuukata ukizidi kiwango. Deki, strima na amplifaya vyote vipitie hapo. Kama unatumia sola na inveta, hakikisha ni ile inayotoa wimbi safi. Zile za bei rahisi hutoa wimbi la ngazi ngazi, transfoma ya amplifaya inavuma, na utalaumu deki bure. Na radi za upande wenu, zile zinazotokea Kongo, hakuna kifaa kinachozuia. Wingu likijikusanya juu ya ziwa, chomoa plagi, na waya wa antena ya televisheni kama umeunganishwa na vyombo hivyo.

Sasa pesa. Bei zinabadilika na dola na ushuru, kwa hiyo sitakutajia za duka. Nusu ya milioni mbili na nusu iwe kikomo chako cha deki. Flashi mbili, waya mzuri lakini si wa dhahabu, kifaa cha kulinda umeme. Strima ije baadaye. Kitakachobaki usikiweke kwenye mashine. Kiweke kwenye chumba. Kama sebule yako ni sakafu ya saruji, kuta tupu na bati lisilo na dari, sauti inagonga na kurudi kama darasani wanafunzi wakiwa likizo. Zulia kubwa au mikeka miwili mitatu mbele ya spika, mapazia mazito, kabati la vitabu ukutani, na spika zivutwe mbali na kona kwa mikono miwili. Ukiweza kupiga dari, piga. Tofauti utakayoisikia hapo hakuna deki itakayokupa, achilia mbali kwamba mvua ikinyesha hutalazimika kuzima.

Ukiagizia Dar es Salaam na mzigo ukaja kwa treni, waambie waufunge kwenye boksi lake la kiwandani na povu lake. Ikiwa umeamua deki ya zamani ya mtumba, ilaze kwa upole uitazame chini kabla ya kuichomeka. Baadhi zina skrubu nyekundu au yenye mshale, inayofunga lenzi isichezecheze safarini. Ifungue, uibandike kwa selotepu nyuma ya mashine isipotee, ndipo uwashe.